Hajateua Bado

Simu inalia. Unaitoa mfukoni, unasoma: "Rais ateua mawaziri wapya." Ndani ya dakika kumi mtandao umejaa hongera na vichekesho. Kwa kina mmoja wao tenti imeshasimamishwa, nyama iko motoni, na mzee mmoja anaishukuru serikali kwa kuikumbuka jamii yao. Jioni mtangazaji wa runinga anamwita "Waziri". Na mwenyewe anaitika.

Hebu tulia kidogo. Huyo mtu bado si waziri. Jina lake limetajwa, basi. Kati ya kutajwa na kuketi kwenye kile kiti kuna Bunge, kuna kupigwa msasa, kuna kura, kuna karatasi rasmi na kuna kiapo. Sisi, kwa kitenzi kimoja, tumeziruka hizo hatua zote na kumkabidhi Rais mamlaka ambayo walioandika Katiba walimnyima makusudi. Tumempa bure. Hata hakuomba.

Nasema hivi: tofauti ya "nominate" na "appoint" haifai kuachiwa walimu wa Kiingereza na wale wasee wa Twitter wanaosahihisha tahajia za watu saa nane usiku. Ni swali la nani ana nguvu ya kufanya nini na anaishia wapi. Na katika Kenya, ambapo karibu kila kazi kubwa ya umma huanza na mtu fulani kumtaja mtu fulani, asiyejua tofauti hiyo atachezewa shere mchana peupe na atapiga makofi.

Tuanze nyumbani, na Kiswahili chetu. Hili neno kuteua tunalifanyisha kazi kama punda wa mkokoteni. Chama kikifanya mchujo tunasema uteuzi wa chama. Mtu akiingia bungeni kupitia orodha ya chama tunasema ameteuliwa. Rais akipeleka jina Bungeni, ameteua. Rais akitia saini baada ya Bunge kukubali, ameteua tena. Halafu kuna rais mteule, yule ambaye mamilioni wamempigia kura na anangoja kuapishwa. Mtu aliyepigiwa kura na nchi nzima na mtu ambaye jina lake limesomwa asubuhi kwenye lango la Ikulu, wote ni wateule. Ongeza na wateule wa kwenye Biblia, wale ambao Mungu mwenyewe amewachagua, ndipo uelewe kwa nini ni vigumu mtu kusimama na kuuliza, "Samahani, huyu mteule ana digrii ya nini?" Neno lenyewe limeshambariki.

Sasa njoo kwa Kiingereza. "Nominate" linatokana na neno la Kilatini la jina. Kumtaja mtu. Kupeleka jina lake mahali ambapo wengine wataamua. Kila mtu anayefuatilia muziki analijua hili bila kufundishwa. Msanii akiwa "nominated for a Grammy" hakuna anayemwambia alete kombe nyumbani. Tunamwombea, tunakesha, na asipotajwa tena kwenye jukwaa tunalia naye. Lakini mtu yuleyule anayejua kwamba "nominee" wa Grammy hajashinda kitu, akisikia "nominee" wa Wizara ya Fedha anaanza kutafuta namba yake amwombe kazi.

Ona hata vile viunganishi vidogo vinavyofuata. Ukisema mtu ni "nominated for the post", jina lake liko mezani. Ukisema ni "appointed to the post", ameshapewa. "Nominee" anangoja. "Appointee" anaripoti kazini. Mwenye "power to nominate" anapeleka jina, na mwenye "power to appoint" anatoa kazi. Inawezekana mamlaka yote mawili yakawa mkononi mwa mtu mmoja, lakini hata hapo hayawi kitu kimoja, kwa sababu katikati yake kuna mlango, na ufunguo wa huo mlango mara nyingi hana yeye.

Huu sio ufundi wa maneno niliojitungia. Mwaka 1803, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya William Marbury, bwana aliyetajwa kuwa hakimu wa amani mjini Washington. Jina lake lilikuwa limepelekwa Seneti, likakubaliwa, na cheti chake cha kazi kikatiwa saini na muhuri. Lakini hakikumfikia. Serikali mpya ikaingia, ikakikalia. Jaji Mkuu John Marshall alipoandika uamuzi alizitenganisha hatua tatu: kutaja jina, ambayo ni ya Rais peke yake, kuteua, ambayo pia ni ya Rais lakini kwa ushauri na idhini ya Seneti, na kutoa cheti. Mahakama ikasema Marbury alikuwa na haki ya kazi ile, ingawa haikuwa na uwezo wa kutoa amri aliyoiomba. Miaka zaidi ya 200 baadaye watu bado wanaisoma kesi hiyo. Kumbe kuhesabu hatua kuna maana.

Katiba yetu ya 2010 ina sura hiyohiyo. Kifungu cha 132 kinasema Rais atataja majina na, kwa idhini ya Bunge la Taifa, atateua mawaziri, Mwanasheria Mkuu, makatibu wa wizara, mabalozi na wengineo. Vitenzi ni viwili na katikati yake kuna Bunge. Hakuna aliyeweka hayo maneno pale ili sentensi iwe ndefu. Tulikuwa tumeishi miaka mingi chini ya marais ambao neno lao lilikuwa mwanzo na mwisho, na watu walikuwa wakisikia kazi wamepewa, au wamenyang'anywa, kwenye taarifa ya habari ya saa saba. Ule mlango uliwekwa katikati ya vitenzi viwili kwa sababu hiyo.

Najua kuna msomaji hapo ananuna: "Kwani wewe ni mtumwa wa Kiingereza? Tuna lugha yetu." Sawa, tuna lugha yetu, na Kifungu cha 7 kinaitambua kama lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini soma pia Kifungu cha 259. Kinasema kwamba nakala za Katiba za lugha tofauti zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Penda usipende, hiyo ndiyo sheria. Maana yake ni kwamba siku mambo yanapofika kortini, wanaobishana wanabishania Kiingereza, huku wewe na mamako mmekuwa mkisikiliza habari za "ameteua". Mzozo unafanyika katika lugha moja na umma unapewa taarifa katika lugha nyingine iliyokatwa pembe. Mimi hilo ndilo linaloniudhi.

Na tukifika kortini, mambo hugeuka kwa kifungu cha maneno matatu au manne. Chukua Januari 2011. Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi. Rais Mwai Kibaki alitangaza majina ya Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Msimamizi wa Bajeti. Waziri Mkuu Raila Odinga akasema hakushauriwa. Masharti ya mpito ya Katiba yalitaka Rais ateue Jaji Mkuu "after consultation with" Waziri Mkuu na kwa idhini ya Bunge. Basi nchi nzima ikaanza kujadili maana ya kushauriana. Je, ni kupigiana simu? Ni kuarifiwa tu? Ni lazima mkubaliane? Mahakama Kuu ikaona utaratibu uliofuatwa umekiuka Katiba, Spika wa Bunge naye akayakataa majina yale, na Februari Kibaki akayaondoa. Katikati ya mwaka huo, baada ya mahojiano ya hadharani ya Tume ya Huduma za Mahakama, Willy Mutunga akawa Jaji Mkuu. Kama sisi tungekuwa tumeshaandika "ameteua" na kwenda kulala, historia ya mahakama zetu ingekuwa nyingine.

Au chukua majaji 41. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilimpelekea Rais Uhuru Kenyatta majina hayo. Kifungu cha 166 kinasema Rais atateua majaji "in accordance with the recommendation of" tume, yaani kulingana na pendekezo lake. Rais akayakalia, akisema baadhi yao wana doa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema hana hiari hapo. Pendekezo likishafika mezani kwake, kazi yake ni kutia saini. Akaendelea kuyakalia. Juni 2021 akawateua 34, akawaruka sita. Mmoja alikuwa amekufa akingoja. Miongoni mwa walioachwa walikuwemo Joel Ngugi na George Odunga, ambao wiki chache tu zilizokuwa zimepita walikuwa kwenye jopo lililoizima BBI. Wale sita waliapishwa Septemba 2022, rais mwingine alipoingia.

Sasa fikiria jinsi habari ile ilivyotufikia. "Rais akataa kuteua majaji." Ukisikia hivyo unaona ni mtu aliyepewa sahani ya chakula akasema hapana asante. Ni haki yake, si ndio? Kumbe hakuwa mlaji. Alikuwa mhudumu, na chakula kilikuwa cha meza nyingine. Kiingereza cha Katiba kilisema hivyo wazi. Kiswahili chetu cha vichwa vya habari kilimfanya bwana wa meza.

Hizi semi zina uzito tofauti na inafaa uzijue kama unavyojua nauli ya kwenda kwenu. "After consultation with": lazima umsikilize mtu fulani. "With the approval of": bila yule kukubali, huna kitu. "In accordance with the recommendation of": ameshaamua mwingine, wewe tia saini. Mtu akisema "the President has the power to appoint", muulize ni "power" ya aina gani kati ya hizo. Mara nyingi utakuta mamlaka ni madogo kuliko msafara wa magari.

Mfano mwingine ni wa juzijuzi. Mwaka 2025, majina ya mwenyekiti na makamishna wapya wa IEBC yalipelekwa Bungeni, yakaidhinishwa, kisha Rais William Ruto akachapisha uteuzi wao kwenye gazeti rasmi la serikali wakati kulikuwa na amri ya korti ya kusitisha jambo hilo. Julai, Mahakama Kuu ikatoa uamuzi uliowachanganya wengi: ombi la kupinga majina lilitupwa, lakini tangazo la gazeti likafutwa. Mitandaoni watu wakaulizana, "Kwani wameshinda ama wameshindwa?" Jibu lilikuwa rahisi kwa anayehesabu hatua. Kutajwa kulisimama. Kuteuliwa kulianguka. Rais akachapisha tangazo jipya na wakaapishwa. Lakini kama una neno moja tu la yote mawili, ule uamuzi kwako ni kitendawili.

Nasikia mwingine akisema, tena huyu ana hoja: "Wacha maneno mengi. Bunge letu ni muhuri wa mpira. Akitaja amemaliza." Na ana ushahidi. Seneti ilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua usiku wa tarehe 17 Oktoba 2024. Asubuhi iliyofuata jina la Kithure Kindiki likasomwa Bungeni, na siku hiyohiyo wabunge 236 wakalipigia kura ya ndiyo. Katiba ilikuwa imewapa siku 60. Walitumia saa chache.

Nakubali ni aibu. Lakini aibu ya nani? Ukisema "Rais ameteua naibu mpya", umewafichia wale 236 siri yao. Wamepotea ndani ya kitenzi. Ukisema Rais alipendekeza na Bunge likaidhinisha siku hiyohiyo bila kuuliza swali la maana, sasa tunaongea. Mbunge wako ana jina na ana namba ya simu, na 2027 haiko mbali. Na usisahau kwamba hata baada ya ile kura Kindiki hakuapishwa kesho yake. Kesi zilikuwa kortini, na aliapa tarehe 1 Novemba. Zile wiki mbili zilipatikana kwa sababu kutajwa, kuidhinishwa na kuapishwa ni vitu tofauti. Wakili hawezi kusimamisha jambo ambalo limeshakwisha.

Tena huo mlango haufungukagi kila mara. Oktoba 2022 kamati ya Bunge ilimkataa Peninah Malonza aliyependekezwa kuwa Waziri wa Utalii, ingawa Bunge zima liligeuza na kumkubali. Agosti 2024, baada ya vijana kujaa barabarani na Baraza la Mawaziri kuvunjwa, Bunge lilimkataa Stella Soi Lang'at aliyependekezwa kuwa Waziri wa Jinsia. Hakuwa waziri hata siku moja. Ila nenda utafute vichwa vya habari vya siku jina lake lilipotangazwa, uone ni vingapi vilishamteua.

Wengine watanikumbusha Tanzania, kwamba huko kuteua ni kuteua na hakuna anayelalamika. Huko kuna sababu. Katiba yao inampa Rais wabunge wasiozidi kumi wa kuwateua mwenyewe, na wakuu wa mikoa na wilaya anawateua moja kwa moja. Ndiyo maana hata wamelipa neno hilo mwenzake, kutengua, na taarifa ya usiku ya kutengua uteuzi ikitoka, kila mtu anajua aliyeanza ndiye aliyemaliza. Lakini kwa Waziri Mkuu, ambaye lazima Bunge likubali, wao husema Bunge limemthibitisha. Wana kitenzi cha pili na wanakitumia. Sisi tumeazima neno la nyumba yenye mlango mmoja tukalileta kwenye nyumba ya milango mitatu.

Mahali ambapo huu mkorogo unaumiza zaidi ni kwa wabunge na MCA wa viti maalum. Kwa Kiingereza chetu cha Kenya wanaitwa "nominated", na hapo neno limegeuzwa kabisa. Kwa kawaida "nominated" ni mtu anayengoja, ila kwetu ni mtu aliyeketi. Halafu tunamdharau kwa lilelile jina. Wengi wao ni wanawake, na wanaambiwa ni maua ya kupamba bunge, ati "hakuchaguliwa na mtu, aliteuliwa tu". Fungua Kifungu cha 90. Katiba yenyewe inaita ujazaji wa viti hivyo uchaguzi: uchaguzi kwa uwiano, kupitia orodha za vyama. Viti hugawanywa kulingana na viti ambavyo kila chama kilishinda kwenye kura yako na yangu. Orodha inatakiwa kufika IEBC kabla ya uchaguzi, ikipanga mwanamke na mwanamume kwa zamu.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya mageuzi ya 1997, wale wabunge 12 wa ziada walikuwa zawadi ya Rais. Sheria imebadilika ila ulimi wetu umebaki kule kule. Na kwa sababu tunaamini bado ni zawadi, kijana anayetaka kiti cha vijana anakwenda kumbebea mheshimiwa mkoba baada ya uchaguzi, akingoja "kuteuliwa". Msee, orodha ilishapelekwa! Vita vyako vilikuwa miezi kadhaa nyuma, ndani ya chama, kuuliza nani yuko kwenye orodha, ni namba ngapi, na nani alimweka hapo. Wenye vyama wanajua hilo vizuri. Wanafurahi sana ukiendelea kungoja.

Hatuhitaji kuunda maneno mapya. Tunayo tayari, yamelala. Rais anapendekeza. Kamati inampiga mtu msasa. Bunge linaidhinisha au linakataa. Hapo ndipo Rais anateua. Kisha mtu anaapishwa. Wahariri wa habari za Kiswahili wakitaka kufupisha kichwa cha habari, "apendekeza" lina herufi chache tu zaidi ya "ateua", na skrini ya simu itatosha. Ukiandika kwa Kiingereza, weka "nominates" siku ya jina na "appoints" siku ya saini. Wanaoongea na umma, kuanzia mtangazaji hadi kasisi kwenye mazishi, waache kumwita mtu Waziri kabla hajawa.

Na wewe unayesoma hii ukiwa kwenye matatu, jina likitangazwa tena, usikimbilie hongera. Uliza limetoka wapi, nani aliyelipendekeza, linakwenda kwa nani, huyo ana siku ngapi, na wananchi wanatuma maoni yao kwa anwani gani, kwa sababu Bunge hulazimika kuyaomba. Kisha uandike hayo maoni. Huo muda kati ya "nominate" na "appoint" ni wako pia, na ni mfupi.